Maiki iko 100, intaneti imeongezwa, na bado hatusikiki vizuri

Swali: Chumba chetu cha mikutano kina meza ya watu 16, maikrofoni mbili za darini, spika nne za darini, prosesa ya sauti, runinga kubwa, na kompyuta inayoendesha programu ya mikutano. Walio mbali wanalalamika kwamba wanaokaa mwisho wa meza wanasikika kama wamo ndani ya pipa, kwamba mara nyingine wanasikia mwangwi wa sauti zao wenyewe, na kwamba ikifika saa nne asubuhi maneno yanakatikakatika. Tumepandisha maiki hadi 100 na kununua kasi ya intaneti mara mbili ya ile ya zamani. Hakuna kilichobadilika. Sasa wakubwa wanataka tununue maiki ya tatu ya darini. Nianzie wapi?

Jibu: Ndugu, malalamiko uliyoyaleta ni matatu na kila moja lina chanzo chake. Ndiyo maana dawa mlizotumia hazikuponya hata moja. Sauti ya pipani inatoka chumbani, kwenye umbali wa maiki na kuta zinazorudisha sauti. Mwangwi unatokana na namna sauti ilivyopitishwa kati ya spika, prosesa na programu. Kukatika kwa maneno ni kazi ya mtandao, na kidokezo umekitaja mwenyewe uliposema saa nne asubuhi, kwa sababu chumba hakijui saa.

Sikio lililozoea hutofautisha haya bila kifaa chochote. Kosa la chumba halibadiliki: aliyekaa kiti cha mwisho atasikika vibaya asubuhi, mchana na jioni. Kosa la mtandao huja na kuondoka. Linameza silabi, linaifanya sauti iwe ya roboti kwa nusu sekunde, halafu maneno yaliyochelewa yanamiminika kwa haraka yakikimbizana. Ukisikia hilo la mwisho, usiiguse maiki.

Anza kwa kuutoa mtandao kwenye hesabu. Funga kabisa programu ya mikutano, fungua programu yoyote ya kurekodi kwenye kompyuta ya chumba, chagua sauti inayoingia kutoka kwenye prosesa, kisha mtu mmoja azunguke viti vyote 16 akisoma aya ileile. Kabla ya kusoma ataje namba ya kiti. Asisome kwa sauti ya hotuba. Asome kwa sauti ya mtu anayejibu swali huku ameinamia karatasi zake, maana ndivyo watu wanavyozungumza vikaoni. Sikiliza kwa hedifoni. Kama pipa limo kwenye rekodi hiyo, mtandao hauhusiki na hakuna megabiti itakayokusaidia.

Sina shaka sana kwamba viti vya mwisho vitakuwa vibaya humohumo. Kila umbali kati ya mdomo na maiki unapoongezeka mara mbili, sauti inayosafiri moja kwa moja hupungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Anayezungumza nusu mita kutoka kwenye maiki na anayezungumza mita 2 wametofautiana desibeli 12, na hiyo si tofauti ndogo. Mvumo wa chumba, yaani sauti iliyokwishagonga dari, kuta na meza kabla ya kuifikia maiki, haupungui hivyo. Umetanda chumba kizima karibu kwa kiwango kimoja. Kwa hiyo kadiri mtu anavyokaa mbali ndivyo maiki inavyopokea mvumo mwingi na maneno machache. Ukisukuma kitelezi hadi 100 unapandisha vyote kwa pamoja: maneno, mvumo, feni ya kompyuta na kiyoyozi. Uwiano unabaki palepale, ila sasa pipa linapiga kelele.

Uwiano hubadilika hasa kwa njia mbili: kupunguza umbali au kupunguza mvumo. Simama katikati ya chumba kikiwa kitupu, piga kofi moja kali, usikilize. Mlio ukining'inia, au ukitetemeka upesiupesi kati ya kuta mbili zinazotazamana, umeshapata mgonjwa wako. Chumba cha mazungumzo kinafaa mvumo wake uwe umekwisha ndani ya takriban sekunde 0.6, na ikiwa chini kidogo ya hapo ni bora zaidi. Zulia husaidia kiasi, mapazia mazito mbele ya vioo husaidia zaidi, na paneli za kunyonya sauti husaidia kuliko vyote zikiwekwa usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa. Paneli zikiwa chache, ziweke kwenye kuta mbili zinazopakana. Ukiziweka kwenye kuta mbili zinazotazamana, ile jozi nyingine inabaki inarushiana sauti kama zamani. Nyingi huwekwa nyuma ya runinga kwa sababu hapo zinapendeza, jambo ambalo sauti hailijali.

Kuhusu maiki ya tatu, jua kwamba kila idadi ya maiki zilizo wazi inapoongezeka mara mbili, unapoteza kama desibeli 3 za nafasi uliyo nayo kabla ya mfumo kupiga mluzi, na kelele za chumba zinazoingia zinaongezeka. Ndiyo sababu prosesa huwa na mikisa ya kiotomatiki, ambayo huipa nafasi maiki inayosikia mtu na kuzishusha nyingine. Dan Dugan aliibuni kazi hiyo Marekani katika miaka ya 1970, na mpaka leo vyumba vingi vinainunua ndani ya prosesa kisha haiwashwi. Angalia yako kama imewashwa.

Sasa viwango, ambavyo hapa kwenu nahisi vimevurugika kuliko kitu kingine chochote. Sauti ya dijitali ina dari, nayo ni sifuri. Hesabu zote ziko chini yake, kwa hasi. Ikigonga sifuri inapasuka, na sauti iliyopasuka hairekebishiki mbele ya safari hata ukiishusha namna gani. Ikiwa chini mno, kila kifaa kinachofuata kitaipandisha pamoja na uchafu wake. Panga viwango kwa kufuata njia ya sauti, kuanzia maiki kwenda mbele, na usiruke hatua.

Mwambie mtu akae kiti cha kawaida azungumze kwa sauti yake ya kawaida. Kwenye prosesa, pandisha ukuzaji wa ingizo la maiki mpaka mita, yaani kipimo cha kiwango cha sauti kwenye skrini, icheze karibu na desibeli hasi 20, vilele vikifika hasi 10 hivi. Kisha mwambie acheke kwa nguvu, maana kicheko cha chumba kizima ndicho kinachopasua mifumo mingi, si hotuba. Kisipogusa sifuri, umemaliza hatua ya kwanza. Ukuzaji wa sauti inayotoka kwenye prosesa kwa USB kwenda kwenye kompyuta uache kwenye sifuri, yaani usiongeze wala usipunguze; sifuri hii si ile dari. Halafu nenda kwenye mipangilio ya sauti ya kompyuta. Usiamini namba 100 wala 50, kwa sababu maana yake hutofautiana kutoka kifaa hadi kifaa. Sogeza kitelezi mpaka mita ya programu ya kurekodi isome sawa na mita ya prosesa. Hapo kompyuta inapitisha tu kilichopewa. Ukiwa hapohapo, hakikisha prosesa na kompyuta zote zimewekwa 48 kHz, yaani kasi ileile ya kuchukua sampuli za sauti. Upande mmoja ukiwa 44.1 utapata vitiktik ambavyo watu watavisingizia mtandao. Kebo ya USB nayo isizidi mita 5 bila kifaa maalumu cha kuirefusha. Zaidi ya hapo huleta mikatiko inayofanana sana na ya mtandao, isipokuwa hiyo itasikika hata kwenye rekodi yako ya ndani.

Hatua ya mwisho ni programu yenyewe, na hapa ndipo mambo huharibikia. Karibu programu zote za mikutano huja zikiwa zimeruhusiwa kurekebisha maiki zenyewe. Prosesa yako nayo ina kirekebishi chake. Tazama kinachotokea mwenyekiti anapouliza swali na chumba kikanyamaza kwa sekunde nane. Prosesa inaona kimya, inapandisha. Programu inaona kimya, inapandisha juu ya kile kilichopandishwa. Kiyoyozi kinaanza kunguruma masikioni mwa walio mbali. Mtu anajibu, neno lake la kwanza linapasuka, wote wawili wanashtuka na kushusha, na neno la tatu na la nne hayasikiki kabisa. Aliye mbali anaandika kwenye gumzo kwamba maiki zenu mbovu. Maiki ni nzima; zina mabwana wawili. Acha kazi hiyo kwa prosesa, uzime urekebishaji wa maiki ndani ya programu. Kipengele cha programu cha kupunguza kelele nacho kiweke chini kabisa au ukizime, kwa sababu kikiwa juu humchukulia mtu aliye mbali na maiki kuwa ni kelele na kumfuta. Na kama kompyuta ni ya Windows, kuna mpangilio unaoshusha sauti nyingine kwa asilimia 80 kila mfumo unapohisi kuna simu inaendelea. Uambie usifanye lolote.

Tuje kwenye mwangwi. Kanuni ya kwanza ni kwamba anayesikia sauti yake ikimrudia hana kosa. Kosa liko kwenye chumba cha upande wa pili. Wenzenu wanajisikia wenyewe, kwa hiyo tatizo ni lenu. Sauti yao inatoka kwenye spika zenu, inaingia kwenye maiki zenu, na inarudishwa kwao. Kizuia mwangwi kipo ili kuiondoa isirudi, lakini hakiwezi kuondoa kisichokijua. Lazima kipewe nakala ya sauti ileile inayokwenda kwenye spika, ili kiilinganishe na inayoingia kwenye maiki na kuitoa. Fungua ramani ya prosesa uone kama nakala hiyo imeunganishwa kweli. Mara nyingi utakuta imeachwa wazi, au imeunganishwa na ingizo ambalo halitumiki tena.

Kisha uliza sauti inapandishwa na kushushwa wapi. Kama watu wanatumia rimoti ya runinga, au kitasa cha amplifaya, wanabadilisha sauti baada ya nakala kuchukuliwa. Kizuia mwangwi kinaambiwa jambo moja na kusikia jingine, kinaanza kujifunza upya, na katika sekunde hizo mwangwi unapita. Runinga ina ubaya wa ziada: huchelewesha sauti ikisubiri picha ichakatwe, na hata huibadilisha rangi yake. Zima spika za runinga. Sauti yote ya mkutano ipite kwenye prosesa kwenda kwenye spika za darini, na ongezeko lolote la sauti lifanyike ndani ya prosesa, kabla ya nakala.

Kizuia mwangwi nacho kiwe kimoja. Ikiwa prosesa inacho, ielekeze programu itambue kwamba chumba kinajishughulikia chenyewe. Vikiwa viwili, cha pili hukata mwanzo wa maneno kila watu wawili wanapozungumza pamoja. Kuna jaribio rahisi la hili. Aliye mbali ahesabu moja hadi ishirini bila kupumzika, huku mtu wa chumbani akisoma gazeti kwa sauti. Kila mmoja anapaswa kumsikia mwenzake muda wote. Namba zikipotea kila anaposoma, au maneno ya msomaji yakitafunwa kila namba inapotajwa, bado kuna kitu kinachozidisha kazi. Mara nyingi ni spika zilizofunguliwa mno. Desibeli 65 hivi kwenye sikio la aliyekaa zinatosha kabisa, na programu ya kupimia kwenye simu itakupa makadirio ya kuridhisha.

Kabla ya kuilaumu prosesa, chungulia mezani. Mjumbe aliyejiunga na mkutano uleule kwa kompyuta yake ya mapajani, maiki wazi na spika wazi, anaweza kuangusha kazi yote hii kwa kubofya mara moja. Wanaojiunga wakiwa ndani ya chumba wajiunge bila sauti, yaani bila maiki na bila spika.

Sasa mtandao. Kununua kasi mara mbili hakukusaidia kwa sababu sauti ilikuwa haikosi nafasi. Opus, mfumo wa kubana sauti uliowekwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012 na unaotumika sana katika mikutano ya aina hii, unaweza kufanya kazi kuanzia kilobiti 6 kwa sekunde, na mazungumzo safi kabisa hayahitaji zaidi ya makumi machache ya kilobiti. Video ndiyo mlaji, na hata yenyewe kwa ubora wa 1080p hula kama megabiti 3 hadi 4 kila upande. Kinachoiua sauti ni kuchelewa. Kwa kawaida sauti hukatwa vipande vya milisekunde 20, yaani pakiti 50 kila sekunde, na kila moja inapaswa kufika kwa zamu yake. Mapendekezo ya kimataifa ya simu, G.114 ya ITU, yanataka safari ya upande mmoja isizidi milisekunde 150 ili watu waongee bila kugongana. Pakiti iliyofika baada ya zamu yake kupita hutupwa, hata kama imefika nzima.

Kinachotokea kwenu saa nne, kwa dhana yangu, ni foleni. Kompyuta fulani inaanza kupakia nakala rudufu, au mtu anatuma faili kubwa, na njia ya kupandisha data inajaa. Ruta badala ya kukataa pakiti inazirundika, na pakiti ya sauti inajipanga nyuma ya mamia ya pakiti za faili. Hili unalithibitisha kwa dakika tano. Ukiwa kwenye kompyuta ya chumba, fungua dirisha la amri, anza kupima ping, yaani muda ambao pakiti ndogo inachukua kwenda na kurudi, kwenda anwani iliyo nje, iache iendelee. Mtandao ukiwa mtulivu utaona mathalani milisekunde 20 au 30. Kisha pakia faili kubwa kutoka kompyuta nyingine. Namba zikiruka hadi 300, 400 au zaidi, na zikarudi chini mara tu upakiaji unapokwisha, mwizi umemshika.

Dawa yake ni usimamizi wa foleni kwenye ruta, na baadhi ya ruta za leo zinao kwa jina la FQ-CoDel au CAKE. Pima kasi yenu halisi ya kupandisha, weka kikomo kwenye asilimia 85 hadi 90 ya hiyo, kisha washa. Mnatoa kasi kidogo, mnapata foleni iliyo mikononi mwenu badala ya kuwa kwenye kifaa cha mtoa huduma ambacho hamkigusi. Rudia ping. Nakala rudufu zihamishiwe usiku hata kama foleni imetulia.

Jambo la pili ni fayawoli, yaani mlinzi anayeamua data ipi ipite kwenye mtandao wenu. Programu za mikutano hupenda kutuma sauti kwa UDP, njia ya kusafirisha data ambayo haisubiri pakiti iliyopotea. Fayawoli ikiifunga UDP, programu haikwambii kitu. Inahamia kimyakimya kwenye TCP, njia nyingine inayohakikisha kila pakiti imefika kwa mpangilio, kupitia poti (mlango wa mtandao) namba 443, na mkutano unaendelea. Ila sasa kila pakiti inapopotea, zote zilizo nyuma yake zinasimama hadi iliyopotea itumwe upya. Hapo ndipo panapotoka yale maneno yanayokimbizana niliyoyataja mwanzoni. Mwombe anayeshughulikia fayawoli afungue njia ya kutoka ya UDP kwenye poti hizi: 8801 hadi 8810 kwa Zoom, 3478 hadi 3481 kwa Teams, 3478 kwa Google Meet, 10000 kwa Jitsi. Na mkutano usipitishwe kwenye VPN ya ofisi, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wa kampuni, kama hakuna sababu ya lazima, kwani unalipeleka kila neno likazunguke makao makuu kabla ya kwenda linakokwenda. Wakati wa mkutano fungua takwimu za simu ndani ya programu. Upotevu wa pakiti ukiwa chini ya asilimia 1 na mtetemo wa muda wa kufika ukiwa chini ya milisekunde 30, sauti itakuwa salama.

Kompyuta ya chumba iunganishwe kwa kebo. Kebo ya shaba inafika mita 100, kwa hiyo umbali si kisingizio. Wi-Fi ya chumba chenye watu 16 ina vifaa zaidi ya 30 vinavyopeana zamu hewani, na sauti ya mkutano haipaswi kupanga mstari pamoja na simu zinazopakua picha. Ikibidi kweli iwe Wi-Fi, tumia GHz 5, na nguvu ya mawimbi mahali kompyuta ilipo isiwe dhaifu kuliko dBm hasi 67 (dBm ni kipimo cha nguvu hiyo). Alama za kipaumbele kwenye pakiti, yaani DSCP 46 kwa sauti na 34 kwa video, zinafaa ndani ya swichi na ruta zenu. Zikishatoka nje, mtoa huduma hana wajibu wa kuzitazama, kwa hiyo usizitegemee kutibu foleni ya huko.

Ukimaliza, fanya mkutano wa majaribio na mtu aliye kwenye mtandao mwingine kabisa, si ofisi ya jirani, na uufanye saa nne asubuhi. Mtu wa chumbani azunguke viti 16 kama mwanzo, naye aliye mbali asikilize. Andika viwango vyote kwenye karatasi, piga picha za skrini za mipangilio ya programu, halafu funga prosesa kwa nenosiri. Masasisho ya programu hupenda kurudisha urekebishaji wa maiki bila kuomba ruhusa, na picha hizo ndizo zitakazokuonyesha kilichobadilika.

Maiki ya tatu ya darini msinunue kwa sasa. Kama baada ya mapazia, paneli na viwango viti vya mwisho bado ni dhaifu, fedha hiyo inunue maiki mbili za mezani kwa ajili ya upande huo, ziunganishwe kwenye mikisa ya kiotomatiki, na zikae ndani ya nusu mita hadi mita moja kutoka kwa mzungumzaji.